Makontena ya Kompyuta na Matoleo Yanayotupwa

Ukisikia neno kontena hapa Sumbawanga, akili yako itakwenda moja kwa moja kwenye lile sanduku la bati lililogeuzwa duka. Mimi nataka kusimulia historia ya kontena la aina nyingine, lililomo ndani ya kompyuta. Waandishi wenzangu wengi hudhani habari hizi haziwahusu. Zinawahusu sana.

Chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1979, katika toleo la 7 la Unix lililotengenezwa Bell Labs kule Marekani, kuliingizwa amri iitwayo chroot. Kazi yake ni kuidanganya programu iamini kwamba chumba kimoja ndiyo nyumba nzima. Mwaka 1982 Bill Joy akaipeleka katika Unix ya Berkeley, na inasimuliwa kwamba alitaka kujaribia humo ujenzi wa toleo jipya. Basi kazi ya majaribio si ya jana. FreeBSD ikajenga kuta imara zaidi mwaka 2000, na Machi 2013 Solomon Hykes akaionyesha Docker kwa dakika chache tu katika mkutano wa Santa Clara. Baada ya hapo, kila fundi na makontena yake.

Kontena huzaliwa na taswira, yaani nakala iliyogandishwa ya mfumo endeshi, ukiacha kiini chake. Fundi anayetaka programu yake ifanye kazi katika CentOS, Debian na Ubuntu za miaka mbalimbali huweka taswira moja kwa kila toleo. Akibadili mstari mmoja tu, programu inajaribiwa kote. Hanunui kompyuta kumi. Raha iliyoje!

Ila taswira huzeeka hata kama hakuna aliyeigusa. Kile kiini huazimwa kwa kompyuta mwenyeji. Wenyeji wapya walipoziba mlango mmoja wa zamani kwa ajili ya usalama, makontena ya CentOS 6 yakawa yanakata roho papo hapo yakiwashwa. Kisha CentOS 6 yenyewe ikafikia kikomo tarehe 30 Novemba 2020, na CentOS 7 tarehe 30 Juni 2024. Vifurushi vyao vikahamishiwa ghala la kumbukumbu, na fundi aliyetaka kuijenga taswira upya akakuta anwani aliyoiandika haina kitu.

Sisi wa Ufipa tunalo la kulinganisha. Mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya wazee wetu, bado yapo. Ilungu lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto, halafu chuma kikasafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Chuma cha Ulaya kilipojaa madukani, kazi ile ikafa. Ukuta umesimama, lakini nani atakuambia wapi pa kuchimba mawe, au mkaa wa mti gani? Kwa hiyo mafundi makini hawategemei taswira pekee. Huhifadhi faili la maelekezo ya kuijenga, na huijenga upya mara kwa mara ili wajue mapema palipovunjika.

Tatizo ni uchovu. Kutunza toleo la zamani kunakula muda, na mfumo usiorekebishwa tena una matundu ya usalama, hilo siwalaumu. Basi siku moja fundi anafuta mstari mmoja kwenye orodha ya majaribio. Tangu hapo hakuna ajuaye kama programu bado inafanya kazi kule.

Kule ni wapi? Ni hapa. Riwaya yangu naichapa steshenari, kwenye kompyuta ya mtumba ya biti 32. Mwaka 2019 LibreOffice ilipotoa toleo 6.3, haikulitoa tena rasmi kwa Linux ya biti 32. Fundi wa pale dukani alinijibu, "We dogo, hiyo mashine ishastaafu." Sawa, lakini mimi sijastaafu, bwana! Kama ni kufuta, watangaze mapema na maelekezo wayaache mahali panapoonekana. Kwa sasa sura ya kumi na moja imo katika toleo 6.2, na kila jioni naondoka nayo kwenye flashi.