Jabali la Simba

Wasikilizaji wetu, leo twaendeni katika kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa Ceylon hapo zamani, tukaitazame ngome ya Sigiriya, yaani Jabali la Simba. Jabali hili limesimama peke yake kati ya misitu, na kimo chake chapata mita 180. Wakazi wake wa kwanza tuwajuao walikuwa watawa wa Kibudha. Tangu karne ya 3 kabla ya Kristo walikaa katika mapango yaliyo chini yake, na juu ya milango wakachonga mifuo ili mvua isiingie ndani.

Basi katika mji wa Anuradhapura alitawala Mfalme Dhatusena, aliyejenga bwawa kubwa la Kala Wewa. Mwaka 477 mwanawe Kashyapa alimnyang'anya ufalme. Kitabu cha kale kiitwacho Culavamsa chasimulia kwamba mzee alipotakiwa aonyeshe hazina yake, alikwenda bwawani, akateka maji kwa viganja, akasema hiyo ndiyo mali yake yote. Akauawa. Moggallana, mwana wa malkia, alikimbilia Bara Hindi.

Kashyapa, akimwogopa nduguye, alihamia jabalini. Tukipanda leo twapita kwanza bustani zenye vitundu virushavyo maji, navyo hufanya kazi hata sasa wakati wa mvua. Kisha twaona picha za wanawake zilizochorwa mwambani, na ukuta uliosuguliwa ukang'aa kama kioo. Juu zaidi pana makucha mawili makubwa ya simba, na kati yake ngazi iendayo kileleni, palipokuwa na jumba la mfalme.

Lakini mwaka 495 Moggallana alirudi na jeshi. Kashyapa aliteremka kupigana uwandani, watu wake wakamkimbia, akajiua. Mshindi aliurudisha mji mkuu Anuradhapura, na jabali akawapa watawa, wakakaa karne nyingi. Wageni waliopanda kuzitazama zile picha waliandika mashairi ukutani. Mwaka 1956 mtaalamu Paranavitana alichapisha 685.

Sasa tupime hazina za baba na mwana. Jumba la kileleni limebaki misingi mitupu. Bwawa la Kala Wewa lilitengenezwa upya, na hata leo maji yake yanywesha mashamba ya mpunga.