Kihisijoto si Kipimajoto

Fundi wa viyoyozi, Butimba nchini Tanzania kama kwingineko, aghalabu husema "sensa", neno ambalo kwa Watanzania walio wengi ni ile hesabu ya watu iliyofanyika mwaka 2022, ilhali lugha yetu ina "kihisi", lililozaliwa na kitenzi "kuhisi", chenye asili ya Kiarabu, na lisadifulo barabara kazi ya kidude kinachohisi joto ndani ya kiyoyozi. Kipimajoto humwonyesha mtu nambari akaisoma. Kihisijoto huhisi tu, na ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyozidi, hata saketi ikafasiri badiliko hilo na kuamuru kompresa iwake au izimike. Kikiharibika, kiyoyozi huweza kuacha kupoza, na mwenye nyumba hudhani gesi imekwisha. Fundi mwenye hadhari, kabla ya kujaza gesi, huzima umeme, akakichomoa na kukipima kwa mita: kilicho kizima, cha aina iliyoenea, husoma yapata omu 10,000 katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kikifumbatwa kiganjani hesabu hushuka polepole; kisichobadilika hakihisi tena. Basi, enyi mafundi, andikeni "kihisijoto" katika ankara zenu, ili mteja ajue analipia nini.