Kabla Skrini Haijawaka: Sidii za Linux na Nyanda za Juu za Kigoma

Historia ya programu huria nchini Tanzania husimuliwa zaidi kwa upande wa bei. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilikuwa bure. Waliotengeneza Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, walituma sidii kwa posta bila malipo, popote duniani, hadi mwaka 2011. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hesabu hiyo, shule ya Muyama, Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, iliyopata kompyuta moja iliyotumika haikuwa na kizuizi tena. Lakini hesabu hiyo inaruka hatua muhimu, yaani muda mfupi kati ya kubonyeza swichi na picha kutokea kwenye skrini. Sidii ingeweza kufika salama, ikasomwa vizuri, kisha skrini ikabaki nyeusi. Ninachodai ni kwamba kilichoamua nani anufaike na sidii hizo ni mahali yalipowekwa maarifa ya kuondoa weusi huo, kuliko bei yake.

Ugumu wenyewe ulitokana na sifa ileile iliyoifanya sidii hai ipendwe. Knoppix, sidii hai ya Linux iliyotolewa na Mjerumani Klaus Knopper mwaka 2000, iliwasha kompyuta nzima kutoka kwenye sidii bila kugusa diski ngumu. Kwa hiyo kila ilipowashwa ilibidi ikisie upya kadi ya video ni ya aina gani na kioo kinahimili nini. Kadi ikiwa ngeni, draiva sahihi, yaani programu ya kuiendesha, haikupatikana. Kioo cha tyubu cha zamani kisichoweza kujitambulisha kingeletewa mawimbi kisiyoyamudu, kikaonyesha mistari au kuzima kabisa, huku sidii ikiendelea kuzunguka ndani na kompyuta ikiwa nzima. Dawa ilikuwa fupi. Kwenye Knoppix mtu aliandika knoppix xmodule=vesa ili kutumia draiva ya jumla ambayo karibu kadi zote ziliielewa, au knoppix screen=800x600 ili kupunguza ukubwa wa picha. Kwenye baadhi ya sidii za Ubuntu za wakati huo, kitufe cha F4 kilifungua orodha yenye hali salama ya picha. Picha ingekwenda polepole, lakini kazi ingefanyika.

Tuitazame dawa hiyo fupi kutokea nyanda za juu za Kigoma. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikaishia ziwani, na nchi ya Waha iliyo juu yake ikabaki mbali na njia. Wakoloni waliijua zaidi kama chimbuko la manamba wa mashamba ya mkonge. Gridi ya taifa ilichelewa hadi miaka ya 2020, na kabla ya hapo umeme wa miji ya Kasulu na Kibondo ulitegemea jenereta za dizeli. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, mwendo mrefu kutoka huko. Si kwamba kompyuta hazikuwepo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Global Catalyst Foundation ulipeleka intaneti Kasulu, ukihusisha chuo cha ualimu na kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Lakini maelezo ya xmodule=vesa yalienea zaidi kwenye mtandao, na mwenye skrini nyeusi na kompyuta moja tu alikuwa na pachache pa kuyasomea. Tena sidii hai haikumbuki. Umeme ukikatika, amri ile huandikwa upya tangu mwanzo.

Kuna watakaosema lawama hii ni ya Linux, kwa kuwa Windows iliwaka bila maswali. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi zilikuja na Windows ndani, draiva zikiwa zimeshawekwa na muuzaji. Ila fundi aliyewahi kuisimika upya anajua kwamba nayo, ikikosa sidii ya draiva, ilirudi kwenye rangi chache na picha kubwa zilizovimba. Tofauti iko kwa watengenezaji wa kadi. Kwa miaka mingi wengi wao waliipa Microsoft draiva na kuwanyima waandishi wa Linux maelezo ya vifaa vyao. Kampuni ya AMD, baada ya kuinunua ATI, mtengenezaji wa kadi, mwaka 2006, ilianza kuyachapisha mwaka 2007, na hali ikabadilika. Mwaka 2009 kerneli, yaani kiini cha Linux, yenyewe ilianza kupanga picha kwa kadi za Intel, kisha za wengine. Hatua hiyo nayo ilizaa skrini nyeusi mpya kwenye baadhi ya kompyuta, na tiba yake ikawa neno jingine la kuandika: nomodeset.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha: je, Kiswahili hakikuwa tayari ndani ya Jambo OpenOffice? Kilikuwamo, na kazi ile inastahili heshima. Lakini menyu huonekana baada ya picha kupatikana. Mtu aliyehitaji msaada kuliko wote alikuwa bado kwenye mstari wa amri, na hapo palizungumzwa Kiingereza. Knoppix walau iliweka orodha ya amri zake ndani ya sidii yenyewe, jambo linaloonyesha kwamba lililohitajika halikuwa kubwa: ukurasa mmoja wa Kiswahili sanifu, uliochapishwa na kufungwa pamoja na sidii. Leo flashi imechukua nafasi ya sidii na kadi nyingi hutambuliwa zenyewe, hivyo wapo watakaoliona suala hili limekwisha. Halijakwisha, kwa sababu vifaa vilivyotumika bado vinapelekwa mashuleni. Anayevitoa hajamaliza wajibu wake mpaka ameandika, kwa lugha ya mpokeaji, la kufanya siku picha itakapokataa kutokea.