Nani Alikuwa na Friji?

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kusimama nyuma ya kaunta ya duka la yogati ya kugandishwa, kwenye mall moja hapa Nairobi. Aproni ya waridi, kofia ya waridi. Mteja anajaza kikombe mwenyewe kwenye mashine, anaweka vipande vya embe na stroberi juu, mimi napima kwa mizani. Bei ni kwa gramu. Siku ya kwanza tulifundishwa maneno ya kumwambia mteja: hii ni bidhaa mpya, ina afya, imetoka Marekani. Jioni nikampigia Mama simu Kisauni, nikamweleza kitu ninachouza. Maziwa yaliyoganda, matunda, sukari, baridi.

Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo si barafu yangu?"

Kama hujawahi kuishi Mombasa, utadhani barafu ni vile vipande vya kutia kwenye glasi ya soda. Kwetu ni kifuko chembamba cha nailoni kilichojazwa maji ya ukwaju, ubuyu au embe, kikafungwa fundo na kulazwa kwenye friza usiku kucha. Unang'ata pembe, unafyonza. Kila mtaa una nyumba inayouza, na unaijua kwa kipande cha boksi mlangoni kilichoandikwa kwa makaa. Mama aliuza ya ukwaju kama wengine, lakini iliyomletea wateja kutoka mitaa ya mbali ilikuwa ya maziwa lala na embe. Shilingi tano. Kuanzia Desemba hadi Machi, embe zikiwa tele, watoto wakitoka madrasa walijaa mlangoni hadi baba alikuwa anaingilia nyuma. Friji ilikuwa ya mtumba, mlango wake unafungwa kwa kamba, na ndiyo iliyonisomesha sekondari.

Kwenye mall nilikaa miezi saba. Swali la Mama nimekaa nalo zaidi. Inakuwaje kitu kilekile kiwe kipya sehemu moja na cha kawaida sehemu nyingine, gramu huku, shilingi tano kule? Nimelifuatilia kivyangu, bila mhadhiri wa kunipa alama, na sasa nadhani tulikuwa tunauliza historia ya chakula wakati tulipaswa kuuliza historia ya baridi.

Ile ya Marekani ni fupi. Miaka ya 1970 kampuni ya maziwa ya H.P. Hood, kule New England, ilianza kuuza yogati ya kugandishwa. Mwaka 1981 TCBY ikafungua duka Little Rock, Arkansas. Mwaka 2005 Pinkberry ikafungua lake West Hollywood na kurudisha ule uchachu ambao wengine walikuwa wameufunika kwa sukari. Miaka ya 2010 mtindo huo ukatua kwenye mall zetu. Basi. Nusu karne, na sehemu kubwa ni matangazo.

Maziwa yenyewe ni ya zamani mno. Neno yogati ni la Kituruki, na bakteria wake alitambuliwa mwaka 1905 na Mbulgaria aitwaye Stamen Grigorov, akiwa mwanafunzi wa udaktari Geneva. Lakini maziwa hayakumngoja Grigorov ndiyo yagande. Huku kwetu kila jamii ya wafugaji ilikuwa na kibuyu chake. Wakalenjin wana mursik, maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa makaa ya mti maalum, yale ambayo wanariadha hunyweshwa wakishuka uwanja wa ndege na medali shingoni. Kiswahili kilitazama jambo hilo kikasema maziwa yamelala. Maziwa lala. Ile "mala" unayoisoma kwenye pakiti ya supamaketi ni neno hilohilo, limekatwa tu. Nalipenda sana. Maziwa mabichi kwenye joto yana saa chache za kuishi, na mtu asiye na baridi ana njia moja nzuri ya kuyaokoa: ayaache yalale kwa utaratibu kabla hayajaoza ovyo.

Kwa hivyo maziwa tulikuwa nayo, na embe tulikuwa nazo. Kilichokosekana ni friji, na friji ina historia ya siasa.

Mwaka 1908 zilianzishwa kampuni za kwanza za umeme Mombasa na Nairobi, na umeme huo haukuelekea Majengo wala Pumwani kwanza. Mwaka 1925 walowezi wa Bonde la Ufa wakaunda KCC, ushirika wa kusindika maziwa yao, siagi hasa. Nyuma yake kulikuwa na mitambo, reli, vyumba vya baridi na serikali yenye sikio la kuwasikiliza. Mkulima Mwafrika alibaki na ng'ombe wake wa kienyeji na kibuyu. Ilibidi ifike mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, ndipo Mpango wa Swynnerton ukaanza kumhimiza afuge ng'ombe wa gredi. Mwaka 1958 ikaundwa Bodi ya Maziwa. Kwa miongo mingi, hata baada ya uhuru, soko la maziwa ya pakiti mijini lilikuwa la KCC, na aliyezunguka na mtungi akiuza maziwa mabichi mitaani alikuwa mvunja sheria. Soko lilifunguliwa mwaka 1992.

Hapo katikati kuna kitu ambacho wazazi wetu hawachoki kukisimulia: maziwa ya Nyayo. Yalianza mwaka 1979, bure, shule za msingi, kwenye pakiti ya pembetatu. Nimemsikia Mama akiyaeleza kama mtu anayeeleza harusi yake. Ati wengine walificha pakiti kwenye begi wapelekee wadogo zao nyumbani, na jua la Mombasa likafanya kazi yake njiani, wakafika na mala. Ndiyo mara ya kwanza, aliniambia, alipowaza kwamba mala ile ikitiwa sukari na embe si mbaya. Alikuwa darasa la nne. Friji aliipata miaka zaidi ya 20 baadaye.

Hiyo miaka 20 ndiyo ninayoitaja nikisema historia ya baridi. Wazo lilikuwepo tangu darasa la nne. Mahali pa kuliweka hapakuwepo.

Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza, na vifuko vya barafu vikaenda nayo. Mama hakulalamika sana. Mtaro wetu ulikuwa umejaa vifuko hivyo na yeye mwenyewe alikuwa ameuchoka. Akahamia vikombe, bei ikapanda, watoto wakapungua. Mwaka 2019 kompresa ya friji ikafa. Mwaka huohuo nikaacha chuo. Sitasema moja lilisababisha lingine, karo ilikuwa na matundu mengi, lakini friji ilikuwa imeziba mojawapo.

Februari iliyopita, kule Marikiti, embe za apple zilikuwa zinauzwa kwa bei ya kukuonea huruma, na mimi kwenye bedsitter yangu sina friji. Nikajiuliza: yule msichana wa darasa la nne angeweza? Kuna njia ya kugandisha mala bila stima?

Ipo, na ni ya zamani kuliko stima. Katika karne ya 13 tabibu wa Damascus, Ibn Abi Usaybia, aliandika kuhusu kupooza maji kwa shura hadi yagande. Baadaye Wataliano wakajua kwamba hata chumvi ya kawaida ukiichanganya na barafu inafanya kazi, wakaanza kugandisha maji ya matunda yaliyotiwa sukari wakayaita sorbetto, neno ambalo ni binamu wa sharubati yetu. Mwaka 1843 mwanamke wa Philadelphia, Nancy Johnson, alipata hataza ya mashine ya mkono: ndoo, mkebe ndani yake, barafu na chumvi katikati, na mpini wa kuzungusha. Miaka mitano baadaye, Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akiishi Rabai, juu kidogo ya Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe kileleni. Akauliza ni nini. Kiongozi wake akamjibu ni baridi. London wakambishia kwa miaka, hasa mwanajiografia mmoja aitwaye Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Sisi na baridi tulianza kubishaniwa kitambo.

Basi nikajaribu.

Lita moja ya maziwa kutoka ATM ya maziwa. Nikayachemsha, nikayaacha yapoe hadi kidole kikavumilia nikihesabu kumi, nikakoroga vijiko viwili vya yogati isiyo na ladha, nikafunika, nikafunga sufuria kwa leso na kuiingiza chini ya blanketi usiku kucha. Mama hutumia mala, ambayo haihitaji blanketi, lakini Nairobi si Kisauni. Asubuhi yalikuwa yameshikana. Nikayachuja kwa kitambaa saa tatu nzima, na hapa usifanye haraka, maana maji yanayobaki ndani ndiyo yatakayokuwa changarawe kinywani. Embe mbili nikazisaga, nikazipika kidogo na sukari zipunguze maji, zikapoa, nikachanganya. Sukari usiibanie. Mbali na utamu, inazuia kitu kizima kugeuka jiwe.

Barafu nilinunua kwa wauza samaki wa City Market. Ndiyo, ilinuka. Chumvi ya mawe nikaiuliza imetoka wapi, nikaambiwa Gongoni, kule juu ya Malindi, kwa hivyo Pwani nayo ilikuwa imeshachangia. Beseni kubwa, barafu vikombe vitatu kwa kikombe kimoja cha chumvi, sufuria ndogo katikati. Chumvi yenyewe haina baridi. Inachofanya ni kuilazimisha barafu iyeyuke hata ikiwa chini ya sufuri, na ili iyeyuke inahitaji joto, na joto la karibu kabisa ni lile lililo ndani ya sufuria yako. Inaliiba. Mchanganyiko ule unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sufuri, baridi ya kutosha kukuunguza mkono. Usiushike. Mimi niliushika.

Mara ya kwanza maji ya chumvi yaliingia ndani kwa sababu nilijaza beseni kupita kiasi. Nikamwaga kila kitu, lita nzima, na nikakaa kitandani nikijisikia mjinga. Niliporudia wiki iliyofuata, niliacha vidole vitatu chini ya ukingo, nikakwangua kuta za sufuria kwa mwiko kila dakika mbili. Dakika ya 15 hakuna kitu. Dakika ya 25 uji. Dakika ya 40 mkono umekufa ganzi na mwiko unasimama peke yake.

Nikapiga picha nikamtumia Mama. Akajibu kwa sauti, dakika mbili nzima, dakika moja na nusu ikiwa ni kuuliza kwa nini nimeipika embe. Halafu akasema hajui kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia habari ya chumvi. Chumvi tunayo, alisema. Chumvi tumekuwa nayo siku zote. Akaniuliza barafu ilikuwa shilingi ngapi, nikamtajia, akasema basi, angepata wapi pesa ya barafu.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamesimama kwenye koridoo wakitazama beseni. Mkubwa akauliza hiyo ni nini. Nikaanza kusema yogati, lakini mdogo wake alikuwa ameshachungulia ndani ya sufuria.

"Ni barafu," akamwambia. Akageuka kwangu. "Ni ngapi?"

Sikuwa nimefikiria bei. Nikasema kumi, wakakimbia kuitafuta.