Ununuzi wa boti za kijeshi haukamiliki bila mafunzo ya ufundi

MTO Tana unapovunja kingo zake, vijiji vya Garsen kama Kulesa huzingirwa na maji, na mgonjwa anayetafuta hospitali hana njia nyingine ila chombo cha majini. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili 2024 yaliwakumbusha wakazi wa Kaunti ya Tana River jambo hilo.

Nyakati kama hizo wanajeshi huombwa msaada. Lakini boti ambayo injini yake imekataa kuwaka haimwokoi mtu, na ndiyo sababu mkataba wa mafunzo ya ufundi una uzito sawa na ule wa ununuzi.

Kwa mkataba huo, mtengenezaji au kampuni nyingine hulipwa ili kuwafunza mabaharia kukagua, kutunza na kutengeneza chombo chao. Maji ya Tana yana tope jingi linaloweza kuziba njia za kupozea injini. Chumvi ya baharini nayo hula chuma, hivyo injini hupaswa kusafishwa kwa maji baridi baada ya kila safari. Kazi hizi haziwezi kumngoja fundi kutoka ng'ambo.

Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanzishwa Desemba 1964, limetegemea viwanda vya nje kwa muda mrefu. Meli za KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizoundwa Uingereza, zilipelekwa Italia kwa ukarabati mkubwa. KNS Jasiri, ambayo mkataba wake ulitiwa saini 2003, ilikwama Uhispania kwa sababu ya mzozo wa kimkataba hadi ilipofika Mombasa mwaka wa 2012.

Ili kupunguza utegemezi huo, serikali iliunda Kampuni ya Kenya Shipyards mwaka wa 2020, chini ya Wizara ya Ulinzi, yenye karakana Mombasa na Kisumu.

Mkataba mzuri hutaja idadi ya wanafunzi, saa za mazoezi kwenye injini zenyewe, vitabu vya maelekezo, zana na vipuri. Malipo ya mwisho hutolewa baada ya wanafunzi kufaulu mtihani wa vitendo, si baada ya kuhudhuria darasa tu. Aidha, huandaa wakufunzi wa humu nchini, kwa kuwa askari huhamishwa na ujuzi huondoka naye.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, katika kifungu cha 90, inaruhusu vyombo vya usalama kufanya ununuzi wa siri. Kwa hivyo mlipa kodi huenda asiuone mkataba wenyewe.

Mkazi wa Kulesa ataupima kwa njia nyingine: siku mto utakapofurika tena, boti itawaka au haitawaka.