Kampuni Zilizokodi Pwani

Unguja haikusubiri Wazungu ili ijue mtaji, riba na deni. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, Mabaniani wa kampuni ya Jairam Shivji, wenye asili ya Kutch, walikodi forodha ya Sultani: walimlipa fungu maalumu kila mwaka, wakakusanya ushuru, na ziada ikawa yao. Matajiri wa Kihindi ndio waliowakopesha wenye misafara vitambaa na shanga za kwenda bara. Hiyo haikuwa biashara ya kusifiwa, kwani pembe nyingi za ndovu zilibebwa na watumwa na karafuu zilichumwa na watumwa. Hata Sultani Seyyid Majid alikuwa mdeni mkubwa wa Jairam. Lakini mkopeshaji huyo, pamoja na nguvu zake zote, hakupandisha bendera yake wala hakuajiri jeshi. Msafara ulipopotea, hasara ilikuwa yake na wadeni wake.

Katika miaka ya 1880 ilikuja kampuni ya namna nyingine.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Februari 27, 1885, Kaisari wa Ujerumani aliipa kampuni yake hati ya ulinzi. Kansela Bismarck aliuona mpango huo kuwa nafuu: ardhi ingekuwa ya Ujerumani, gharama zingekuwa za wafanyabiashara. Aprili 1888 Sultani Khalifa akaikodishia kampuni utawala wa pwani ya Mrima, kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma, pamoja na forodha zake.

Mwezi Agosti bendera ya kampuni ikapandishwa Pangani, ambako Emil von Zelewski alimdharau liwali mbele ya watu wake. Wenye mashamba waliambiwa waonyeshe uthibitisho wa umiliki. Nani angekuwa na hati ya mnazi uliopandwa na babu yake? Pwani ikawaka moto, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi upande wa Pangani na Bwana Heri upande wa Sadani, na baada ya wiki chache kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Hapo ndipo hesabu ya Bismarck ilipogeuka. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2, na Hermann Wissmann akaja na askari wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 15, 1889.

Januari 1, 1891, serikali ya Ujerumani ilichukua utawala. Kampuni iliyoshindwa haikufa: ilitengewa mark 600,000 kwa mwaka na kuendelea na mashamba yake. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulianzia huko huko Pangani.

Kaskazini ya Umba mambo yalikuwa ya kistaarabu zaidi, angalau kwenye karatasi. William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti, alipata mkataba wa Sultani Seyyid Barghash mwaka 1887 na hati ya Malkia wa Uingereza Septemba 1888. Kampuni yake ilitoa sarafu zenye jina la Mombasa, ikawa na stempu zake na maofisa wake. Ilikomboa kwa fedha watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia kwenye vituo vya wamisionari, hasa Rabai, tendo lililoacha athari njema kuliko mengi yaliyofuata. Lakini pia ilimtuma ofisa wake Lugard Buganda, na Januari 1892 bunduki yake ya Maxim iliamua vita vya Mengo. Faida haikuonekana. Kampuni ilikwisha amua kuondoka Uganda, na michango ya marafiki wa wamisionari ndiyo iliyoichelewesha hadi mwisho wa 1892.

Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya juu ya eneo la kampuni, na kampuni ikalipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 50,000 zilitoka London. Zilizobaki, 200,000, zilikuwa za Sultani: ni fedha zile zile alizolipwa na Wajerumani mwaka 1890 kwa kuachia Mrima. Mali ya Unguja ndiyo iliyowaondoa wenye hisa wa Uingereza, na Mombasa isirudi mikononi mwa Unguja. Waingereza waliahidi kumlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kila mwaka, na kuongeza 6,000 zikiwa riba ya fedha zake mwenyewe.