Irene Stefani (Nyaatha)

Irene Stefani (1891–1930) alikuwa mtawa wa Shirika la Masista Wamisionari wa Konsolata, mzaliwa wa Anfo, kaskazini mwa Italia. Wakikuyu wa Gikondi walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma, na Kenya inamjua kwa jina hilo hadi leo.

Alifika Mombasa mwanzoni mwa 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha kuwaka Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa wakikusanya wapagazi, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na chakula porini kusikopita gari. Makumi ya maelfu walikufa, na malaria na kuhara damu viliua wengi kuliko bunduki. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Sista Irene alitumwa kuwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Alisafisha vidonda vilivyooza, akawalisha waliokosa nguvu ya kushika kijiko, akakesha na waliokuwa wakikata roho. Simulizi za shirika lake zinaeleza kwamba huko Kilwa alimtafuta mgonjwa mmoja kati ya maiti zilizopelekwa ufukweni, akamkuta bado anapumua. Historia ya vita hivyo husimuliwa zaidi kupitia majenerali. Maisha yake yanatuonyesha kitanda cha mpagazi.

Kuanzia 1920 alihudumu Gikondi, Nyeri. Alikuwa mwalimu, lakini sifa yake ilitokana na miguu yake: alipanda na kushuka vilima kuwafuata wagonjwa majumbani. Vijana walipokwenda kutafuta kazi mijini na mashambani, wazazi wao wasiojua kuandika walimwendea, naye akawaandikia barua. Huduma hii haitajwi sana, ingawa inastahili. Mama asiyejua mwanawe yu hai au amekufa anateseka kama mgonjwa.

Oktoba 1930 tauni iliingia Gikondi. Irene alikwenda kumuuguza mwalimu aliyeshikwa na ugonjwa huo, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 mwezi huohuo akiwa na umri wa miaka 39.

Alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam kwa niaba ya Papa Fransisko. Ilikuwa ibada ya kwanza ya namna hiyo kufanyika nchini Kenya.